Triga Inayosubiri

2 Machi

Kwako Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta karakanani, juu ya kile kigoda chako kibovu, na si kitandani na maumivu ya mgongo. Mimi sijambo. Mgonjwa ni bunduki.

Nimenunua bunduki, Mjomba! Yangu mwenyewe, na leseni ina jina langu. Ile ya shamba tuliyokuwa tukipokezana nimeirudisha ghalani na wala sikugeuka nyuma kuiangalia. Hii ni ya mkono wa pili. Aliyeniuzia ni mwindaji mstaafu aliyehamia kwa binti yake ghorofani, na ghorofani hakuna nguruwe pori. Mbao yake imekuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono, mtutu ni safi ajabu, bolti inateleza bila kelele. Nilipoiweka begani nilijiona nimefika kwangu.

Ila triga. Hapo ndipo ninapoogopa kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ni nzito, halafu inalegea. Ukivuta inatembea tu bila kusema kitu, kama unaminya mkate, halafu mlio unakushtukiza. Risasi zangu zinakwenda pembeni mwa shabaha kana kwamba zina ndugu huko. Wewe unajua mimi si mtu wa kukosa.

Juni afisa wa leseni anakuja kutupima. Meneja ameshasema wazi, mbele ya watu, kwamba atakayeshindwa ataachia kazi ya kulinda mahindi na kuhamia ofisi ya mizani. Huko nitapima malori mpaka nizeeke, ndani ya kibanda cha bati, nikiandika namba za magari. Heri nife kabisa.

Nakuomba uniambie namna ya kuilainisha. Nataka iwe nyepesi kama unyoya, nikiigusa tu iende. Wewe ndiye fundi bunduki pekee ninayemwamini, na nasema hivyo si kwa sababu ni ndugu wa mama yangu.

Msalimie Mkaza mjomba. Mwambie mto alionishonea bado naulalia.

Wako,
Kidole


11 Machi

Kwako Kidole,

Barua yako nimeisomea karakanani, kigodani, na mgongo unauma vilevile. Hongera. Nimemsomea mke wangu pale uliposema mimi ndiye fundi pekee unayemwamini, akasema unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa sababu una shida. Nimemwambia aache wivu.

Sasa sikiliza. Weka bisibisi chini. Najua unayo mkononi, mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, saa haijasimama ameshaifungua. Skrubu ya triga si ya kujaribia. Watu wengi wanaozungusha skrubu hizo hurudi kwangu wakiwa na tundu kwenye bati la nyumba, na hao ndio wenye bahati.

Kabla ya kutibu tujue kwanza mgonjwa ni nani. Bunduki ya mkono wa pili imepita mikononi mwa watu, na kila mmoja ameacha chake. Kwanza hakikisha haina risasi. Angalia kwa macho, kisha ingiza kidole mahali pa risasi uhakikishe tena. Halafu itoe kwenye mbao yake kama nilivyokufundisha, uigeuze juani, unijibu haya. Je, triga ni kipande kilekile cha kiwandani au kuna mtu alikibadilisha? Je, kuna alama yoyote ubavuni, namba au herufi au kitu kilichogongwa kwa msumari? Na unapovuta, hiyo safari unayoiita kulegea, je, inafika mahali ikasimama? Nataka kujua kama kuna ukuta. Triga nyingine zina hatua mbili: ya kwanza inatembea laini, inagonga ukuta, inasimama kukusubiri, na ukiongeza nguvu kidogo inakatika kama kijiti kikavu. Ukikutana nayo bila kuijua utadhani ni mbovu.

Usinijibu kwa haraka. Mtu aliyekuwa akivuta triga akiwa amefungwa macho na kuniambia triga itakatika lini hawezi kushindwa kuona ukuta.

Mjomba wako


20 Machi

Kwako Mjomba,

Bisibisi nilikuwa nayo kweli. Umenitia aibu mbele ya barua.

Nimefanya kama ulivyosema, mezani, nimetandika shuka jeupe ili kisipotee kitu. Kipande si cha kiwandani. Ule ulimi ninaouvuta umechongwa kwa mkono, kingo zake zimelainishwa hata hazikwaruzi kitambaa. Alama ipo, ndogo sana, nimeiona kwa kioo cha kukuzia: nukta tatu zilizogongwa kwa msumari, zimepangwa kama mafiga. Namba hakuna, herufi hakuna.

Ukuta hakuna, Mjomba. Nimevuta na kuvuta. Inatembea tu mpaka inakatika, wala sijui ilipokatikia. Nadhani aliyeichonga alikuwa mtu wa mapambo kuliko kazi. Basi kama haina thamani, niambie tu fundi wa huku akate springi nipate wepesi wangu. Siku zinakwenda, na Meneja kila akinipita ananiuliza kama napenda hesabu.

Kidole


29 Machi

Kidole wewe!

Nimepiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akidhani nimejibana kwenye taya za jiriwa. Nukta tatu kama mafiga! Mwanangu, unajua umenunua nini? Hiyo ni kazi ya Mzee Polepole!

Hukumkuta. Ndiye aliyenifundisha mimi kushika tupa. Walimwita Polepole kwa sababu angeweza kukaa na triga moja mpaka mwenye bunduki akate tamaa ya kuwinda. Na alikuwa na mtindo wake ambao sikuuona kwa fundi mwingine yeyote: hakuchonga ulimi wa triga mpaka mwenye bunduki akae mbele yake. Alimshika mkono, akaukunja, akaukunjua, akamwambia avute kitasa cha droo, ndipo alipochukua chuma. Wateja walimwona kama mganga. Mimi nilimwona mtu aliyeheshimu kazi kuliko tumbo lake. Sijawahi kufikia hata nusu yake, na sisemi hivyo ili unibembeleze.

Sasa, Mzee Polepole hakuwahi kutengeneza triga isiyo na ukuta. Hata siku moja. Kwa hiyo aidha mtu ameiharibu baada yake, au kuna jambo. Tutaiuliza yenyewe, na haitadanganya.

Fanya hivi. Bunduki iwe tupu, angalia mara mbili. Isimamishe kwenye jiriwa ya karakana ya shamba, mtutu juu, mashavu ya jiriwa uyafunike kwa kitambaa. Vuta bolti kama unayetaka kupiga. Ning'iniza kopo kwenye ulimi wa triga kwa kamba, kisha umimine maji kidogo kidogo kwa kikombe. Usiiguse. Wewe tazama tu, macho yako yawe sawa na ulimi. Ikikatika, pima maji. Mimi hutumia maji kwa sababu hayana haraka na hayana maoni.

Na kuhusu unyoya. Hapana. Nitakulainishia kila kilicho kikavu, nitaondoa kila mkwaruzo, lakini unyoya sikupi. Triga nyepesi kupita kiasi haina subira. Ikishaguswa imekwisha amua, na wewe unabaki kuwa shahidi tu. Kasirika ukitaka. Springi ikikatwa na huyo fundi wako, usiniandikie tena.

Mjomba wako, mwenye furaha kama mtoto


7 Aprili

Kwako Mjomba,

Sikukasirika. Nilinuna kidogo, basi.

Nimefanya kipimo chako. Fundi wa matrekta alinipa jiriwa na akasimama kando akicheka, anauliza kama bunduki nayo inawekewa dripu. Nilipomaliza hakuwa anacheka tena, alikuwa ameinama nami.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Maji ya mwanzo, ulimi ukaanza kurudi nyuma, laini, bila kukwama. Kisha ukasimama. Nikamimina tena, umesimama. Nikamimina tena, umesimama vilevile, fundi wa matrekta akasema labda imeshika. Nikaongeza kidogo tu, ikakatika, tak! Safi. Maji yote yalikuwa pungufu kidogo ya lita moja na nusu. Nikarudia, ikawa hivyo hivyo. Nikarudia tena, hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukuta upo, nimeuona kwa macho yangu. Ila ninapovuta mwenyewe siukuti. Sijui kwa nini. Labda ni baridi ya asubuhi huku kwetu.

Mzee Polepole wako alikuwa hatari. Nimekaa nikiitazama ile triga kama mtu anayetazama picha.

Kidole


15 Aprili

Kwako Kidole,

Nimekuelewa. Uzito huo ndio wenyewe kabisa, hakuna la kupunguza.

Omba kibali ofisi ya leseni, uitoe triga peke yake uiweke kwenye kikopo cha majani ya chai na pamba, unitumie kwa gari la vifurushi. Bunduki ibaki kwenye chumba cha silaha.

Na unichoree mkono wako wa kulia. Uweke juu ya karatasi, uzungushie kalamu, kila kidole. Nataka kuangalia urefu wa kitako cha bunduki usije ukawa unakubana bega. Ni kawaida tu.

Mjomba


24 Aprili

Kwako Mjomba,

Barua yako ilikuwa fupi hata nikadhani umeumwa. Kibali nimepata, triga ipo ndani ya kikopo. Mchoro wa mkono ndio huu hapa, nimeukunja mara moja tu usivunjike mistari.

Bega halinibani. Lakini wewe ndiye daktari.

Meneja leo amenionyesha kiti kipya cha ofisi ya mizani. Kinazunguka. Alikizungusha mwenyewe, akacheka.

Kidole


6 Mei

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, na mjomba wako akijua nimekuandikia atanuna mwezi mzima. Lakini nikinyamaza nitapasuka.

Mchoro wako ulipofika aliubandika ukutani juu ya meza yake. Nikamwona amesimama, mikono nyuma, anautazama. Akaniita. "Hebu uone mkono wa mpwa wako." Nikasema ni mkono mzuri. Akasema, "Mzuri mno. Mstari haujatetemeka hata mahali pamoja." Nikamuuliza kosa liko wapi. Akasema, "Huyu ni wa kulia toka azaliwe. Mtu wa kulia akichora mkono wake wa kulia, kalamu anaishika kwa kushoto. Na kushoto kwake huyu hakuwezi kuchora hata yai. Huu ni mkono wa kushoto, ameugeuza kiganja juu, akauchora kwa kulia." Kisha akasema polepole, "Na macho yake yameuona ukuta, kidole hakiuoni. Kidole kimepatwa na nini, Mama?" Kama mimi ndiye niliyekificha.

Nilidhani atakuandikia kukugombeza. Wapi! Asubuhi yake alikuja na kitambaa, akaninyooshea mkono wa kulia, akaniambia nimfunge kidole cha shahada, nikaze kisiguse kitu. Toka siku hiyo anaishi hivyo. Amevunja kikombe changu cha maua. Shati anafunga vifungo kwa kidole cha kati huku anatukana. Anaandika, anakula, anapiga tupa, anafungua mlango, kidole kile kimefungwa. Majirani wakimuuliza anasema ameumwa na jiriwa. Nilimwambia, "Mzee, umechanganyikiwa." Akanijibu, "Siwezi kumshika mkono, yuko mbali. Basi nashika wangu."

Amechonga ulimi wa kwanza, akautupa, eti mwembamba. Wa pili akasema unauma. Anajaribu kwa kidole cha kati, akifumba macho, anavuta na kuachia kutwa nzima. Nimeishi na mtu huyu ujana wangu wote na uzee wangu umeanza naye, na bado ananishangaza. Nilimpelekea chai nikamwangalia mlangoni, nikasahau kuiweka mezani mpaka ikapoa.

Hana hasira nawe. Ila ameumia kwamba ulimficha. Mwandikie. Usiseme nimekwambia.

Mkaza mjomba wako


13 Mei

Kwako Mjomba,

Kuna jambo nilipaswa kukuandikia katika barua ya kwanza, na nimelizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Leo nimeamua kulipasua jipu.

Mchoro niliokutumia si wa mkono wa kulia.

Mlango wa chuma wa chumba cha silaha ulisukumwa na upepo nikiwa nimeshika fremu. Ilikuwa kabla sijanunua bunduki. Hospitali walinishona vizuri, sina la kuwalaumu, lakini ncha ya kidole cha shahada haipo, na kilichobaki kimepinda na kina ganzi. Nikishika kikombe cha chai, vidole vingine ndivyo vinavyoniambia kama ni cha moto. Hiki hakiniambii kitu. Triga yako haikuwa nzito, wala haikulegea. Nilidhani ikiwa nyepesi sana sitahitaji kuisikia.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mjomba, wewe ulinifunga macho kwa leso nikiwa mtoto, ukanipa bunduki tupu, ukasema, "Niambie kabla haijakatika." Nikakwambia. Ukamwita kila aliyekuwa karibu, ukawaambia kidole cha mtoto huyu kina akili kuliko watu wazima. Toka hapo hakuna anayeniita jina nililopewa na baba yangu. Mpaka kazini wananiita hivyo. Sasa nitakuandikiaje kwamba hicho kidole hakipo? Niliona nikisema tu, itakuwa kweli, na mimi nitakuwa mtu wa mizani. Niliogopa zaidi kwamba utaacha kunisifu. Nimezoea, Mjomba. Nimekula sifa zako kama chakula.

Kama triga imeshakuwa tayari irudishe kama ilivyo. Ni kazi ya Mzee Polepole, haifai kuharibiwa kwa ajili yangu. Nitajaribu hivyo hivyo, na nikishindwa nitakaa kwenye kile kiti kinachozunguka.

Sijui nisaini vipi.

Mpwa wako


22 Mei

Kwako Kidole,

Unasaini kama siku zote. Jina halirudishwi dukani.

Nilijua. Usiniulize nilijuaje, na mwambie mke wangu kwamba stempu zangu nazihesabu.

Ndani ya kikopo kuna triga yako, na kando yake, ndani ya kitambaa chenye mafuta, kuna ulimi wa Mzee Polepole. Uhifadhi. Sijauharibu, nimeutoa tu. Nakwambia kweli, kuutoa kulinitoa jasho. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima na nyundo ndogo mkononi, nikijiona nabomoa kaburi la mwalimu wangu. Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akiwashika watu mikono. Huo ulimi aliuchonga kwa ajili ya mtu fulani, na mtu huyo si wewe. Kama angekuwa hai angekushika wako, angeona kidole kilichopinda, angesema "Aha," na angeanza upya bila kunung'unika. Basi na mimi nimeanza upya. Ndani sikugusa chochote. Ukuta ni ule ule wa kwake, uzito ni ule ule. Unyoya bado hupati.

Ulimi mpya ni mpana, umekaa chini kidogo kuliko wa zamani, kwa sababu utavuta kwa kidole cha kati. Una mikwaruzo midogo ya kupishana, niliipiga kwa tupa laini kabisa, ili ngozi iwe na kitu cha kusoma. Kidole cha shahada kilaze ubavuni mwa mbao, kipumzike, kimefanya kazi ya kutosha.

Kidole cha kati kina nguvu lakini ni mgeni wa kazi, kinataka kuonyesha ubavu. Kwa hiyo usianze na risasi. Bunduki tupu, kila siku, ukiwa umefumba macho: tembea mpaka kwenye ukuta, simama, kisha rudi. Usiikate. Rudi tu. Ukishajua kurudi ndipo ujifunze kuendelea. Watu wote hujifunza kupiga, na ni wachache wanaojifunza kurudi.

Umeandika kwamba uliogopa nitaacha kukusifu. Umenikata maini. Mimi nikusifu kwa nyama ya ncha ya kidole? Hicho kipimo cha maji, mwanangu, mtu mwingine yeyote mwenye siri yako angeniandikia uongo. Angesema ukuta haukuonekana, mambo yakaisha. Wewe uliniandikia ulichokiona, huku unajua kinakuumbua. Niliisoma barua ile nikajivuna.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba,

Sihamii mizani!!!

Afisa alikagua karatasi yangu ya shabaha akadhani ni ya mtu mwingine. Aliomba aguse triga. Alivuta, akasimama, akavuta tena, akauliza nani amefanya kazi hii. Nikasema wawili, mmoja ni marehemu na mwingine ana kitambaa kidoleni.

Naandika nimesimama. Nitaandika vizuri baadaye.

Kidole


14 Julai

Kwako Mjomba,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nguruwe wameanza kuingia mahindi ya upande wa bondeni, wanalala humo humo. Wiki iliyopita, asubuhi moja, mwanga ukiwa umeshakaa vizuri, nilikuwa nimejilaza juu ya tuta. Likatoka dume, kubwa, likasimama ukingoni mwa mahindi, ubavu wote kwangu, na nyuma ya mahindi ni mteremko wa udongo wa kuzuia risasi. Hakuna nafasi nzuri kuliko hiyo. Nikashusha pumzi kama ulivyonifundisha. Kidole cha kati kikatembea, kikaukuta ukuta. Ninausikia sasa, Mjomba, naujua kama mlango wa chumba changu. Nikawa juu yake, bado chembe tu.

Mahindi nyuma ya nguruwe yakatikisika. Si kwa upepo, upepo haukuwepo. Nikasema moyoni, ni mwingine. Lakini kidole kikasimama. Kikangoja. Na triga ikangoja nacho. Sijui tulingoja kiasi gani sisi wawili, naona ilikuwa ndefu sana. Kisha nikarudi, kama nilivyofanya mazoezi, nikakitoa kidole kabisa.

Akatoka Meneja. Koti lake la kahawia, daftari kwapani, alikuwa amekuja kukagua hasara bila kumwambia mtu. Alitokeza nyuma ya lile dume, sawasawa na mstari wa mtutu. Nguruwe akakimbia. Meneja akaniona juu ya tuta, akaniwakia: "Umemwona, mbona hukupiga? Tunakulipa kwa kutazama?"

Nikamjibu kwamba sikuwa tayari. Akaenda zake analalamika. Mimi nilitoa risasi, nikaiweka bunduki chini, nikakaa. Nililia, Mjomba, kwa sauti, peke yangu kwenye tuta.

Nilikuwa nafikiria barua yangu ya kwanza. Ule unyoya. Nilikuomba, nikakubembeleza, nikakununia. Ungekuwa mtu wa kunifurahisha tu, yule bwana angekuwa amelala kwenye mahindi, na mimi ningekuwa nani leo? Sikuwahi kukushukuru kwa kunikatalia. Asante. Nimeandika mara moja tu kwa sababu nikirudia nitalia tena, na karatasi ni hii hii.

Kidole


23 Julai

Kwako Kidole,

Barua yako nilimsomea mke wangu. Nilipofika kwenye koti la kahawia nikashindwa, akanipokonya akamalizia yeye. Kisha akaenda kuinjika chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Kwanza kazi. Mwambie Meneja ukweli. Leo, si kesho. Mwambie ulikuwa umefika wapi. Si ili akushukuru, bali asiingie tena kwenye mahindi bila kukuarifu, na aagize bendera nyekundu ziwekwe ukingoni unapokuwa kazini. Akikasirika akasirike akiwa hai.

Pili, umeandika kwamba triga ilingoja. Ni kweli ina ukuta, na Mzee Polepole alipata sifa yake, na mimi najipa kidogo pia, sikatai. Lakini ukuta haumzuii mtu. Nimeona watu wenye triga nzuri kuliko hiyo wakiupita bila kujua kwamba ulikuwepo. Ukuta unakupa nafasi ya kufikiri, basi. Anayefikiri ni mwingine.

Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia kila mtu hapa mtaani kwamba kidole cha mpwa wangu kina akili. Fundi viatu anajua, wauza vyuma wanajua, hata wanaokuja kutengenezewa bawaba za milango nimewasimulia. Jana nimeanza kuwapitia mmoja mmoja kuwaambia nilikosea. Wananitazama, wanadhani uzee umenifika. Nawaambia kile kidole kilikuwa kinatumwa tu. Aliyekuwa akikituma hakuwahi kubanwa na mlango wowote.

Kitambaa nimekifungua leo. Vifungo vya shati bado navifunga kwa kidole cha kati.

Mjomba wako